Aliyejenga mchangani alinunua kiwanja kwa nani?



 Leo nakualika tuutazame upya mfano ambao hakuna Mkristo asiyeujua, ule wa wajenzi wawili. Mmoja alikuwa na akili, akaweka nyumba yake juu ya mwamba. Mwingine hakuwa nayo, akaiweka juu ya mchanga. Dhoruba ilipokuja, ya kwanza ilibaki, ya pili ikabomoka (Mathayo 7:24–27).

Mfano huu tumeusikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu huuigiza kwa mikono, na nyumba ya mchangani inapoanguka wao hufurahi kuliko pale nyingine inaposimama. Na sisi wakubwa, kila tunapousikia, macho yetu humwelekea yule mpumbavu. Tunamhukumu kimoyomoyo, tunashukuru kwamba sisi si yeye, tunaenda nyumbani.

Lakini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tuna haki ya kuuliza swali moja zaidi. Yule mtu kile kiwanja alikipata wapi? Nani alimpeleka kukiona? Nani alipokea fedha zake, nani aliandika karatasi ya mauziano, nani alitia sahihi kama shahidi? Na kati ya majirani, nani alijua kwamba maji hufika pale, akanyamaza?

Bwana wetu hakumtaja muuzaji, kwa kuwa alikuwa anafundisha jambo jingine: kulisikia neno lake na kulitenda. Sitaki kuugeuza mfano wake. Lakini neno lenyewe tunalotakiwa kulitenda ni lipi, kama si kumpenda jirani? Na mtu anayekuja kwetu na akiba yake ya miaka kumi, akitafuta mahali pa kulaza watoto wake, ni jirani kama jirani mwingine yeyote.

Hali yenyewe tunaijua. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 ziliinua ziwa letu, na mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda nchi kavu katika miji na vijiji vya mwambao. Kisha zikaja mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, maji yakapanda tena. Kibirizi, Katonga na Ujiji, watu wa mwambao waliyaona maji yakiwafuata penye vibanda, penye vichanja vya kuanikia dagaa, penye stoo na vyoo. Ng'ambo ya ziwa na kaskazini, ndugu zetu wa Kalemie, Uvira na Bujumbura walikuwa katika shida hiyohiyo.

Mafuriko ya mto huja kwa kishindo na kuondoka. Ziwa haliji hivyo. Hupanda shubiri kwa shubiri, na likishaingia chumbani hukaa miezi. Ukuta wa tofali za udongo husimama ndani ya maji mpaka unalainika na kulala chini. Choo cha shimo hujaa na kutapika. Kisima huharibika. Na kipindupindu, ugonjwa ambao mwambao wetu unaufahamu vizuri, hakisubiri mwaliko mwingine.

Kisha kiangazi kinafika. Kila mwaka, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba, maji hushuka kidogo kwa sababu mvua hakuna na jua linayachukua. Ufukwe unatokea tena, safi, wenye upepo mzuri. Hapo ndipo vigingi huanza kupigwa. Hapo ndipo dalali humleta mteja saa kumi na moja jioni, jua likielekea milima ya Kongo, na kumwambia: “Mzee, eneo kama hili hutalipata tena.” Na kweli, baada ya masika machache huenda asilipate tena.

Ndugu msomaji, ziwa hili halikuanza jana kupanda na kushuka. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, na Livingstone na Stanley walipokutana hapo mwaka 1871, ziwa walilolikuta lilikuwa juu kuliko la leo. Anayetembelea kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji huyaona maji yako mbali na mnara. Maji ndiyo yaliyoondoka.

Sababu yake ni hii. Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mito mingi: Malagarasi kutoka kwetu, Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Luiche hapo kusini mwa Ujiji, na vijito visivyohesabika vya milimani. Lakini mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga, tope na majani. Ziwa likajaa kama beseni, mpaka miaka ya mwisho ya 1870 lilipokivunja kile kizuizi. Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikwenda Lukuga mwaka uliofuata akaukuta mto ukitoka kwa nguvu. Katika miaka isiyofika ishirini ziwa lilishuka takriban mita 10.

Sisi Wakatoliki tuna ushahidi wetu kule kusini, Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome pale kando ya maji. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walikabidhiwa kituo hicho, nacho kikawa mojawapo ya chimbuko la imani yetu katika mwambao huu. Lakini ziwa lilikuwa linajiondokea. Ngome iliyojengwa ufukweni ikajikuta iko mbali na maji.

Basi ardhi tambarare iliyobaki wazi baada ya ziwa kushuka, watu waliiona kama zawadi. Wakalima, wakajenga, wakazaa. Hakuna kosa hapo. Lakini mwaka 1961 zilinyesha mvua ambazo Afrika Mashariki haijazisahau, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa kiasi ambacho hakikuonekana tena mpaka miaka hii yetu, mwaka 2024 lilipokikaribia. Kati ya 1964 na 2020 ni miaka 56. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi alipoyaona maji yale, leo amevuka sabini. Anayeuza kiwanja leo ana miaka thelathini. Anayenunua ana thelathini na mitano, na pengine ametoka Kasulu au Kibondo, hajui ziwa linavyoishi. Anayejua amekaa barazani na fimbo yake, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Niseme pia jambo moja ili tusichanganyikiwe. Tunasikia redioni kwamba bahari inapanda kwa sababu barafu za dunia zinayeyuka na maji yenyewe yanatanuka kwa joto. Hilo ni kweli, na ni hatari ya ndugu zetu wa Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo bahari haitufikii. Ziwa letu hupanda kwa mvua na hushuka kwa jua, maana sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoliacha huondoka kama mvuke, na Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Ndiyo maana mvua ikizidi kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, ziwa halina njia ya kujitua mzigo haraka.

Hata hivyo, chanzo cha mashaka ya bahari na ya ziwa kina undugu. Hewa ikipata joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Joto hilo kwa sehemu kubwa limeletwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, wala si moshi wa jiko la mama anayekaanga migebuka Kibirizi. Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo hilo bila woga katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, kwamba deni hili wanaolipa zaidi ni wale waliokopa kidogo. Nasi tuna sehemu yetu: tumekata miti ya milimani, udongo unateremka na kila mvua kwenda ziwani, na mabonde yaliyokuwa yakipunguza kasi ya maji tumeyajaza nyumba.

Sasa turudi kwenye Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kuna amri ndogo ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika vitu, hata kulala. Mungu anamwagiza kila anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Tazama Mungu anavyoingia katika kazi ya fundi! Na tazama amri inamwelekea nani. Haimwambii mgeni: “Angalia usianguke, ukianguka ni uzembe wako.” Inamwambia mwenye nyumba: “Wewe unajua paa lako linaishia wapi. Mgeni hajui, na huenda atapanda usiku. Weka ukingo.” Anayejua hatari ndiye anayebeba wajibu.

Mpendwa msomaji, kwetu huku ukingo wa kwanza ni ukweli kuhusu maji. Anayeuza kiwanja cha mwambao huku akijua kwamba mwaka 2021 au 2024 maji yalisimama hapo, naye asiseme, ameuza nyumba isiyo na ukingo. Tusilipambe jambo hili kwa jina la biashara. Tulipofundishwa Amri za Mungu tuliambiwa amri ya saba ni usiibe na ya nane inakataza uongo. Kuchukua fedha ya mtu kwa kitu ambacho ziwa litakidai ni wizi, hata kama karatasi ina muhuri. Kunyamaza ili auze ni uongo, hata kama hukufungua mdomo. Na mtoto akifa maji kwa sababu ya ukimya huo, tutakuwa tumeifikia na amri ya tano.

Zakayo alipompokea Yesu hakuishia kusema amesikitika. Alisema atarudisha (Luka 19:8). Anayekwenda kwenye kitubio akiwa na jambo hili moyoni ajue kwamba malipizi yake hayaishii kwenye Salamu Maria tatu. Kama fedha ipo, irudi. Kama haipo, msaidie uliyemuuzia apate pa kuhamia, umpe hata kona ya shamba lako la juu. Ndivyo toba inavyopata miguu.

Wapo watakaosema, “Padre, mnunuzi naye ana macho. Kwa nini hakuchunguza?” Ni kweli anao wajibu, na nitaufikia. Lakini kabla ya kumnyoshea kidole, tukumbuke mnara wa Siloamu, ulioangukia watu kumi na wanane wakafa (Luka 13:4). Watu walitaka kujua kama marehemu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Yesu alikataa kabisa, akawageuzia swali wao waliobaki hai: ninyi je, mtatubu? Kila maji yanapopanda, wapo wanaokaa mlimani na kusema wa mwambaoni waliyataka. Bwana hawaruhusu kusema hivyo. Anawauliza walichofanya kabla maji hayajapanda.

Wengine husema ni mapenzi ya Mungu. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu mwenyewe anaeleza alivyoiwekea bahari milango na mpaka wa mawimbi yake. Kwa hiyo Mungu si mzembe wa mipaka. Lakini mpaka wa ziwa si mstari mwembamba kama ukuta wa ua. Ni upana. Ziwa lina mahali linapolala wakati wa kiangazi na mahali linaponyoosha miguu wakati wa masika, na kuna masika ya kila mwaka na masika ya kila baada ya miaka sitini. Tukijenga juu ya mahali pa miguu yake, tusimlaumu Muumba ziwa linapojinyoosha.

Serikali yetu nayo iliweka ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Ni sheria nzuri. Ila ina majaribu mawili.

Jaribu la kwanza ni kuifanya iwe ya maskini peke yao. Banda la mama muuza samaki linabomolewa asubuhi, na ukuta wa nyumba ya mapumziko ya tajiri, uliosogezwa mpaka kwenye mawimbi, unapigiwa saluti jioni. Amosi na Isaya walikuwa na maneno makali kwa mizani ya aina hiyo. Tajiri akipoteza nyumba ya ufukweni anayo nyingine mjini. Maskini akipoteza chumba chake amepoteza vyote.

Jaribu la pili ni kupima mita 60 kuanzia mahali maji yalipo siku ya kupima. Ukipima mwezi wa Oktoba, baada ya miaka ya ukame, mita 60 zako zinaweza kuwa ndani ya ziwa la mwaka 1964. Kwa ziwa linalotembea kama letu, busara ni kuanza kuhesabu kutoka mahali maji yalipowahi kufika, ambapo watu wengi wa mwambao sasa wanapaona kwa macho yao, maana alama bado ziko kwenye kuta na miti.

Na tusisahau kwamba wapo wanaokaa karibu na maji kwa sababu ya kazi. Mvuvi anayetoka na karabai usiku hawezi kuishi Kasulu. Anayeanika dagaa anahitaji mchanga na jua. Kumwambia ahame bila kumwonyesha pa kwenda ni kumfungia mizigo mizito huku sisi hatuigusi kwa kidole. Lakini tunaweza kutofautisha mwalo na chumba cha kulala. Mtumbwi, kichanja na kibanda vikae chini, maana vinaweza kuhamishwa maji yakija. Kitanda cha mtoto, choo na stoo ya chakula vikae juu. Halmashauri ikipima viwanja vya bei nafuu mahali palipoinuka, na kuvifikishia maji na barabara, watu wengi watapanda wenyewe bila greda kuwasukuma.

Hatuko peke yetu katika somo hili. Jirani zetu wa Gatumba, karibu na Bujumbura, walizamishwa na mto Ruzizi mwaka 2020, na maelfu wakalala kwenye mahema. Kenya, mwaka huohuo, Ziwa Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto. Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye alama nyekundu za X zilikuwa bado zinapakwa kwenye kuta za Bonde la Msimbazi, na watu wanalia mbele ya tingatinga. Mtu aliyeachwa ajenge kwa miaka ishirini, akapewa na risiti, halafu akabomolewa kwa siku moja, amedhulumiwa mara mbili.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Wewe unayenunua, usiende kuona kiwanja wakati wa kiangazi tu. Nenda masika. Nenda bila dalali. Mtafute mzee wa mtaa, awe Mkristo au Mwislamu, maana Ujiji ina wazee wa Kiislamu ambao kumbukumbu zao ni hazina yetu sote, umuulize: “Mzee wangu, shikamoo. Maji yaliwahi kufika wapi?” Swali hilo ni la bure na linaweza kuokoa akiba ya maisha. Mwalimu Luka, anapousimulia mfano wa wajenzi wawili, anaongeza kwamba mwenye akili alichimba kwenda chini (Luka 6:48). Kuuliza wazee ni kuchimba.

Wewe unayeuza, sema ukweli kabla hujapokea fedha, na uuandike kwenye karatasi ya mauziano. Kama bei itashuka, basi hiyo ndiyo bei halali.

Wewe kiongozi wa mtaa, unayetia muhuri, ujue muhuri wako ni ushuhuda. Usishuhudie usichoweza kukieleza mbele za Mungu.

Na sisi katika jumuiya ndogo ndogo za mwambao, tuchukue jioni moja baada ya Neno, tutembee pamoja na wazee wetu, tuweke alama mahali maji yalipofika mwaka 2024: rangi kwenye ukuta wa kigango, jiwe kando ya njia, mti uliopandwa kwa makusudi. Waisraeli walipovuka Yordani kwa nchi kavu, Yoshua aliwaagiza wasimamishe mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwasimulia (Yoshua 4). Wale waliweka mawe kukumbuka maji yalipoachia njia. Sisi tuweke yetu kukumbuka maji yalipofika. Mtoto atauliza, “Baba, jiwe hili la nini?” Na tumjibu ukweli, ili siku moja naye, akiwa mtu mzima mwenye kiwanja cha kuuza, ajue asichoweza kukificha.

Juma hili, ukimjua mtu mmoja anayetaka kupiga vigingi mahali ulipoyaona maji kwa macho yako, usisubiri akuulize. Mwendee.

Mungu awalinde wote wa mwambao, awape makao salama, na atujalie sisi ulimi wa kusema kweli kwa wakati. Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!